Nani Atayapisha Mabasuni?

Basuni ni bomba la mbao lenye urefu wa takriban mita mbili na nusu, lililokunjwa ili mtu aweze kulishika, na hupulizwa kupitia vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja. Aliyewahi kusimama karibu na mpuliza zumari kwenye ngoma za pwani anaijua kanuni hiyo: tete mbili zinatetema mdomoni, bomba linaikuza sauti. Ila zumari huchana anga na kushindana na ngoma uwanjani, ilhali basuni lilikulia ndani ya nyumba. Mtangulizi wake, dulsiani, katika karne ya 16 alizishikilia sauti za besi za kwaya makanisani Ulaya, na tangu hapo kazi kubwa ya ukoo huo imekuwa kubeba wengine.

Sasa tuseme yupo mtunzi anayetaka kuyatoa mabasuni mawili nyuma na kuyaweka mbele. Anaandika koncheto, yaani utungo ambamo mmoja au wachache husimama mbele ya kundi kubwa na kuongoza mazungumzo. Na kundi lenyewe halina fidla hata moja. Ni la ala za kupuliza: filimbi, obo, klarineti, saksofoni, honi za okestra, matarumbeta, tromboni, yufoniamu, tuba, pamoja na ala za kugonga na besi kubwa moja ya nyuzi. Je, kazi hiyo inafaa kuandikwa?

Nimeupanga ubishi katika sauti tatu, kwa sababu kila moja inashika kweli ambayo nyingine hazina. Kiongozi ni mzee aliyeongoza bendi muda mrefu, na anajua kinachotokea mazoezini. Mtunzi ni kijana mwenye karatasi tupu mezani. Mpulizaji ni mwanamke ambaye riziki yake ni basuni. Msimamo wangu sitauficha: koncheto hii inafaa, kwa sharti moja zito ambalo litajitokeza katika kubishana kwao.

HOJA YA KWANZA: KUSIKIKA

KIONGOZI: Kijana wangu, nianze na jambo ambalo kalamu haiwezi kulibadilisha. Katika sikio la binadamu, sauti nzito huifunika nyepesi kwa urahisi kuliko nyepesi inavyoweza kuifunika nzito. Nyuma ya mabasuni yako utawaketisha wapiga tromboni, yufoniamu, saksofoni ya baritoni, klarineti ya besi na tuba. Wote hao wanaishi kati ya besi na teno, palepale basuni linapoishi, na karibu wote wana nguvu za kulishinda. Mozart alipoandika koncheto yake ya basuni mwaka 1774, akiwa na umri wa miaka 18, nyuma aliweka nyuzi, obo mbili na honi mbili, basi. Weber mwaka 1811 alikuwa na okestra kubwa zaidi, lakini msingi wake ulibaki nyuzi. Nyuzi zinaweza kushuka hadi ukakaribia kutozisikia, na bado zikashikilia chodi. Bendi nzima haiwezi. Unawatuma watu wawili wakanong'one sokoni siku ya gulio.

MTUNZI: Mwalimu, nayakubali yote isipokuwa hitimisho. Unaizungumzia bendi inayopiga kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1952 Frederick Fennell, katika chuo cha muziki cha Eastman mjini Rochester, jimbo la New York, aliunda kundi la ala za kupuliza kwa wazo jingine kabisa: kila mstari uwe na mpulizaji wake mmoja, na mtunzi awe huru kuchagua rangi anazozitaka na kuziacha asizozihitaji. Hapo bendi iliacha kuwa ukuta wa sauti. Ikawa sanduku la rangi. Sina wajibu wa kuzitumia zote kwa sababu tu zimo ndani.

KIONGOZI: Wazo ni zuri. Lakini mpulizaji aliyekaa na ala mapajani kwa dakika nane bila nota hata moja ananiuliza mimi, hakuulizi wewe.

MPULIZAJI: Mzee, kabla hamjafika kwenye malalamiko ya wapulizaji, niruhusu nieleze ala yenyewe, maana wote wawili mnazungumza kana kwamba tatizo ni kelele tu. Sauti ya basuni ina eneo moja linalong'aa kuliko mengine, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Eneo hilo ndilo linaloipa rangi inayokaribia irabu "o". Honi ya okestra nayo ina eneo lake karibu na hapo hapo. Kwa hiyo, kaka, ukiziweka honi zishikilie chodi katikati wakati sisi tunaimba, hazina haja ya kutushinda kwa nguvu. Tutaungana nazo. Msikilizaji atasikia honi nono kidogo kuliko kawaida, wala hatajua kwamba kulikuwa na basuni jukwaani.

MTUNZI: Basi niweke nini nyuma yenu?

MPULIZAJI: Weka vitu vinavyotuachia eneo letu. Filimbi mbili juu kabisa, mbali nasi. Tarumbeta lenye kizibo, maana kizibo huibana sauti ikawa nyembamba na kali, ikahamia juu. Marimba, kwa sababu nota yake ikishagongwa hufifia na kutuachia nafasi. Besi kubwa ya nyuzi inayodonolewa kwa kidole. Klarineti chini, kwa upole, zikiwa chache. Hivyo vyote vinaweza kubeba chodi bila kutugusa.

KIONGOZI: Hesabu imekuwa fupi, binti yangu. Umeondoa tromboni, yufoniamu, honi na saksofoni. Hiyo si bendi tena.

MTUNZI: Sikuziondoa, Mwalimu. Nazipa zamu. Sikiliza sehemu ya nne ya simfoni ya tisa ya Shostakovich, ya mwaka 1945. Tromboni na tuba zinatamka kwa nguvu zake zote. Kisha zinanyamaza, na basuni peke yake linajibu, polepole, juu ya sauti tulivu za nyuzi. Hakuna anayeuliza kama basuni linasikika. Ukali wa tromboni ndio uliolifungulia masikio yetu.

KIONGOZI: Alikuwa na nyuzi huyo.

MTUNZI: Alikuwa nazo. Lakini kilicholiokoa basuni pale ni tromboni kujua wakati wa kuketi. Chodi tulivu naweza kuipata kwa klarineti tatu za chini na besi kubwa. Kile kingine hakipatikani kwa ala yoyote. Kinapatikana kwa uamuzi wa mwandishi.

HOJA YA PILI: UNDUGU WA SAUTI

KIONGOZI: Tuseme watasikika. Nauliza sasa kama watatofautika. Watazame waliotangulia. Stravinsky alipoandika koncheto mbele ya ala za kupuliza, ikapigwa Paris mwaka 1924, alichagua piano. Kurt Weill mwaka huohuo alichagua fidla. Alban Berg akamaliza yake mwaka 1925, naye mbele ya wapulizaji 13 aliweka piano na fidla. Watu watatu, miji tofauti, uamuzi mmoja: wa mbele asifanane na wa nyuma. Wewe unawachukua watoto wa nyumba ileile, tena wawili wanaofanana wenyewe kwa wenyewe.

MTUNZI: Waliofuata walithubutu. Ingolf Dahl aliandika koncheto ya saksofoni ya alto na kundi la kupuliza mwaka 1949, kisha akairekebisha mwaka 1953. Karel Husa akaandika yake ya saksofoni na bendi mwaka 1967. Saksofoni ni mtoto wa bendi, na kazi zote mbili zingali zinapigwa. Lakini mfano ninaouegemea zaidi ni wa Sofia Gubaidulina. Mwaka 1975 aliandika koncheto ya basuni mbele ya nyuzi za chini peke yake: cello nne na besi kubwa tatu. Fidla aliziacha nje. Kama angetaka usalama, fidla zilikuwepo. Alilitia basuni katikati ya majirani wanaozungumza kwa sauti ileile, na kazi nzima ikapata joto lake hapo: mmoja anapigania nafasi ndani ya wanaofanana naye.

KIONGOZI: Mmoja. Umelitamka mwenyewe.

MTUNZI: Ndiyo, mmoja. Na mimi nataka wawili, kwa sababu wawili wanaweza kufanya mambo ambayo mmoja hayawezi. Johann Baptist Vanhal, aliyeishi wakati wa Haydn na Mozart, alituachia koncheto ya mabasuni mawili na okestra. Wazo la kuwatanguliza wawili si langu, na halikuzaliwa jana.

MPULIZAJI: Hapo mimi nasimama na kaka, lakini nampa onyo. Nota ya chini kabisa ya basuni hutetema takriban mara 58 kwa sekunde. Chukua nota hiyo iwe "do", halafu mwenzangu apige "mi" iliyo juu yake. Yeye atatetema takriban mara 73. Tofauti ni 15 tu, na sikio haliwezi kuzitenganisha vizuri nota mbili nzito zilizokaribiana hivyo. Linasikia mkwaruzo. Pandisha "do" na "mi" hiyohiyo okteva mbili juu, inakuwa tamu. Watunzi wengi huandika sauti mbili kwenye piano, ambako macho yanaziona nota zimetengana, na wanakuja mazoezini kushangaa kwamba huku chini tunanguruma. Chini tupe okteva, au tupe zamu. Tukae pamoja kwa ukaribu tukiwa juu.

MTUNZI: Na kama mkwaruzo ndio ninaoutaka?

MPULIZAJI: Uandike kwa makusudi, uwe mfupi, na usiuite utamu. Jambo jingine: usituombe nota za chini kabisa kwa sauti ndogo kabisa. Tchaikovsky katika simfoni yake ya sita, ya mwaka 1893, aliliandikia basuni nota chache za chini akaziwekea alama sita za upole. Viongozi wengi hadi leo humpa mpuliza klarineti ya besi nota hizo, kwa sababu bomba letu huko chini linahitaji pumzi ya kutosha ili litamke. Ukitaka unong'ono, tupeleke katikati. Ukitaka uchungu, tupeleke juu. Stravinsky alifungua kazi yake kubwa ya mwaka 1913 kwa basuni peke yake, katika nota za juu ambazo wengi wakati huo hawakuzitegemea kutoka kwetu. Kule juu tumewaacha mbali tuba na tromboni za besi.

KIONGOZI: Hiyo ni mipaka. Bado hujaniambia wawili wana faida gani.

MPULIZAJI: Pumzi, Mzee. Mimi nikivuta pumzi, mwenzangu anaendelea. Mtunzi anaweza kuandika mstari unaokwenda dakika nzima bila mshono, jambo ambalo mpulizaji mmoja analipata kwa kuzungusha hewa mashavuni tu, na kwa taabu. Tena kuna kasi. Kidole gumba changu cha kushoto kinatawala vitufe tisa au zaidi, na kuna miruko ambayo kidole kimoja hakiwezi kuifanya kwa haraka. Gawanya mruko huo kati yetu, yeye nota ya chini, mimi ya juu, na unapata mwendo ambao ala moja haiwezi. Msikilizaji atasikia basuni moja lenye mikono minne.

MTUNZI: Na nitawaweka pembe mbili za jukwaa. Rangi itakuwa moja, lakini sikio litapata umbali. Swali litoke kulia, jibu lije kutoka kushoto.

MPULIZAJI: Hapana, kaka. Hilo silikubali kwa kazi nzima. Tukitengana mita kumi, na matarumbeta yakiwa nyuma yetu, sitasikia pumzi ya mwenzangu, na bila pumzi yake siwezi kulinganisha nota zetu. Tuanze tumetengana, wakati tunajibizana. Tusogeleane kabla ya sehemu ya polepole.

KIONGOZI: Nisemeje kuhusu kicheko? Dukas mwaka 1897 aliyafanya mabasuni yawe ufagio unaotembea. Prokofiev mwaka 1936 akalifanya basuni babu anayenung'unika. Watu wakiona mabasuni mawili mbele watajiandaa kucheka.

MPULIZAJI: Mzee, hilo linaniuma kuliko yote uliyosema leo. Dukas na Prokofiev waliandika vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaochukua nota fupi za kurukaruka kutoka kwao na kudhani ndiyo tabia yetu yote. Vivaldi alituandikia koncheto 39, mbili zikiwa hazikukamilika. Hakuna ala nyingine ya kupuliza aliyoiandikia nyingi kiasi hicho. Mtu haandiki mara 39 kwa ajili ya kichekesho. Ombi langu kwa mtunzi ni dogo: wimbo mrefu kwanza, kuruka baadaye. Wasikilizaji wakishatuamini, hata nota fupi watazisikia upya.

HOJA YA TATU: NANI ATAIPIGA

KIONGOZI: Sasa nizungumze kama mtu wa ratiba na bajeti. Bendi nyingi duniani zina basuni moja, au hazina kabisa. Basuni jipya la daraja la juu hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Tete zake mpulizaji huzichonga mwenyewe au huzinunua kwa fundi, moja moja, na haziishi muda mrefu. Bendi zetu za polisi na jeshi, na za matarumbeta ya arusini, zimejengwa juu ya ala za shaba na saksofoni. Koncheto yako itapigwa na nani?

MTUNZI: Mahali pake pa kwanza ni vyuo vya Marekani, Ulaya na Japani, ambako makundi ya aina hii yapo na wanafunzi wa basuni wapo. Huko Marekani kuna utaratibu wa makundi kadhaa kuchangia gharama ya utungo mmoja, kisha kila moja linaupiga kwake. Kazi huzaliwa ikiwa na wapigaji wengi tayari. Nitaandika pia toleo la piano, ili wanafunzi wawili waweze kujifunza bila kusubiri bendi.

KIONGOZI: Na mstari wa basuni ndani ya bendi yenyewe? Wapulizaji wako wawili wakienda mbele, viti vyao vitakaliwa na nani?

MTUNZI: Vitabaki vitupu. Hakutakuwa na basuni nyuma. Mabasuni ya kundi ndiyo hayo yaliyo mbele.

MPULIZAJI: Kaka, ongeza kontrabasuni moja nyuma. Bomba lake lina mita tano na nusu hivi, na linashuka okteva nzima chini yetu. Tukipanda juu, atatushikia chini kwa rangi yetu wenyewe.

KIONGOZI: Nikakodi ala nyingine tena isiyopatikana? Andika mstari huo, lakini ruhusu besi kubwa ya nyuzi iubebe pale ambapo kontrabasuni haipo.

MTUNZI: Nimekubali.

MPULIZAJI: Nina jambo la mwisho, na ndilo lililonileta. Mwaka 1782 Mfalme Josefu wa Pili aliunda kundi lake la wapulizaji mjini Vienna. Lilikuwa na watu wanane: obo mbili, klarineti mbili, honi mbili, mabasuni mawili. Mabasuni yalikuwa besi. Hapakuwa na tuba wala saksofoni. Mozart alipoandika serenadi yake kubwa ya ala 13, mabasuni mawili yalikuwa bado chini pale, besi kubwa ya nyuzi ikiyasaidia. Kisha mwaka 1835 tuba ilisajiliwa Berlin, na mwaka 1846 Adolphe Sax akasajili saksofoni Paris. Bendi zilikuwa zikitembea barabarani na kupiga uwanjani, zikahitaji besi yenye nguvu. Silaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba leo, katika maandishi mengi ya bendi, kila nota ninayopewa imerudiwa kwa klarineti ya besi, kwa saksofoni ya baritoni, mara nyingine kwa yufoniamu pia, ili nikikosekana pasiharibike kitu. Mzee, mtu anayeandikiwa nota ambazo kukosekana kwake hakuzidhuru ataendelea kujifunza kwa ajili ya nini? Ndiyo maana mabasuni hayapatikani. Hatuandikiwi kwa sababu hatupo, na hatupo kwa sababu hatuandikiwi.

KIONGOZI: Hapo nimenyamaza, binti yangu. Nimezoea kuuona mstari wa basuni kama akiba. Sikuwahi kujiuliza anayeupiga anajisikiaje. Basi, kijana, sikupingi tena kwamba kazi iandikwe. Nakupa sharti. Kabla hujaandika nota moja ya mabasuni, niletee jedwali la kazi nzima, ukurasa kwa ukurasa, linaloonyesha nani anapiga na nani ameketi. Jedwali likinipendeza, nitawaeleza wapulizaji wangu kwa nini wamekaa kimya. Wakijua sababu hawatanung'unika.

MTUNZI: Jedwali limo kichwani, Mwalimu. Sehemu ya kwanza: kundi lote linaanza, tromboni na tuba zikiwa na besi yote, kama bendi ilivyo leo. Mabasuni yanaingia kutoka pembe mbili, kila moja na sentensi fupi, na kila yanapoingia kundi moja la ala linatoka. Mwisho wa sehemu hiyo tumebakiwa na filimbi, marimba na tarumbeta moja lenye kizibo. Sehemu ya pili ni ya polepole, mabasuni yamesogeleana, mstari mmoja mrefu unapokezanwa bila mshono, katikati na juu. Sehemu ya tatu ni ya kasi, nota za miruko zimegawanywa. Shaba inarudi, lakini katika mapengo tu, kamwe si chini ya wimbo wao. Halafu, karibu na mwisho, kundi lote linasita na wanabaki wanane: obo mbili, klarineti mbili, honi mbili, na mabasuni mawili. Hapo honi nazikaribisha, dada. Kule kuungana ulikonionya nako ndiko ninakokutaka, kwa sababu wakati huo mabasuni hayapo mbele tena. Yamerudi kuwa besi.

MPULIZAJI: Hapo sawa.

KIONGOZI: Si sawa. Huwezi kuwamaliza watu wote kwa wapulizaji wanane, wengine wakitazama. Watu waliokaa kimya kwa ajili ya mabasuni wanastahili kurudi. Warudi wote, na safari hii tuba isipewe besi. Tuba iimbe juu. Besi ibaki kwa mabasuni hadi nota ya mwisho.

MTUNZI: Mwalimu, hawatasikika!

KIONGOZI: Watasikika ukiandika vizuri. Hayo ni maneno yako mwenyewe ya tangu asubuhi.

UAMUZI

Mjadala huo nauachia hapo bila kuusuluhisha, kwa kuwa swali la mwisho wa koncheto litajibiwa mazoezini, si kwa maneno. Lakini swali kubwa nadhani limejibiwa, na nataka kulisema kwa sauti yangu.

Ugumu wa kuandika koncheto ya mabasuni mawili mbele ya ala za kupuliza ni wa kweli. Sauti nzito hufunika, honi humeza, nota zilizokaribiana huko chini hukwaruza, na nota za chini kabisa hazikubali unong'ono. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayotatuliwa kwa kuyaongezea mabasuni nguvu. Kuwaamuru wapulizaji wakaze midomo hakusaidii, na kipaza sauti kingeondoa swali lenyewe. Zote zinatatuliwa kwenye ukurasa, na zinatatuliwa upande wa kundi. Anayeandika koncheto ya fidla anaweza kuanza na fidla na kuikamilisha bendi baadaye. Anayeandika koncheto hii akianza na mabasuni amekwisha kushindwa, kwa sababu kazi halisi ni kuamua nani aondoke, aondoke lini, na arudi akiwa na kazi gani mpya. Hilo ndilo sharti nililolitaja mwanzoni.

Sharti hilo ndilo pia linaloifanya kazi hii istahili jasho. Zile ala nane za Vienna zilikuwa na mabasuni mawili chini yake. Yaliposukumwa pembeni na shaba, bendi ilipata ukubwa na ikapoteza besi yenye kutamka, besi inayoweza kusema sentensi badala ya kukanyaga tu ardhi. Koncheto ya mabasuni mawili ikiandikwa vizuri haitaiondolea bendi ukubwa wake. Itaulazimisha ukubwa huo usikilize. Tromboni iliyojifunza kuketi kwa kurasa mbili na kurudi kwa upole haitapiga vilevile tena hata katika maandamano, na kiongozi aliyelazimika kufikiri kila nota ya besi inatoka kwa nani atakuwa kiongozi bora wa kazi za bendi za Holst na Grainger pia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande zote mbili. Watunzi waache kuuandika mstari wa basuni kama akiba ya klarineti ya besi, hata katika kazi zisizo koncheto. Wampe mpulizaji wa basuni angalau kipengele kimoja katika kila kazi ambacho akikosekana kitakosekana. Viongozi nao, wakiletewa koncheto ya namna hii, wasitangulize swali la kama mabasuni yatasikika. Wawaulize wapulizaji wao wa shaba kama wako tayari kujifunza mistari yenye mapumziko mengi kwa bidii ileile wanayoitia katika mistari yenye nota nyingi, kwa sababu koncheto hii itasimama au kuanguka kwao.